Wastani wa Sukari na Sukari ya Wastani

Kurasa hizi zimezoea kujadili ngeli, methali na ufundishaji wa matamshi. Safari hii naomba tusome pamoja karatasi ya maabara. Ni karatasi fupi, haina sentensi hata moja iliyokamilika, lakini imenifundisha juu ya kiunganishi «-a» kuliko vitabu kadhaa vya sarufi nilivyonavyo kabatini.

Shangazi yangu anauza vitenge katika soko la Ruvumera, hapa Buyenzi, na ana kisukari kwa miaka kadhaa sasa. (Mtaani kwetu watu husema tu «ana sukari», na wengine husema «diabeti» kwa kufuata Kifaransa.) Jumamosi moja alinijia nyumbani na karatasi mbili zilizokunjwa ndani ya mkoba wa simu. Ya kwanza ilikuwa ya sukari iliyopimwa asubuhi kabla ya kula: 1,12 g/l. Ya pili iliandikwa kwa Kifaransa, «hémoglobine glyquée», na kando yake herufi HbA1c na namba 8,2 %.

«Mwanangu,» akasema, «wewe si ndiye unayefundisha maneno huko chuo? Nisomee maneno haya. Hapa wananiambia sukari yangu ni nzuri. Na hapa wananiambia asilimia nane ya damu yangu imekuwa sukari. Sasa nishike ipi?»

Mimi si daktari, na nilimwambia hivyo. Dawa ni za daktari wake. Lakini kadiri tulivyozungumza ndivyo nilivyoona kwamba sehemu kubwa ya hofu yake haikutokana na ugonjwa, ilitokana na lugha. Alikuwa ameelezwa kwa Kifaransa kilichochanganywa na Kirundi, akajaza mapengo kwa Kiswahili chake mwenyewe, na mapengo yenyewe yalikuwa makubwa.

Tuanze na asilimia. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Mtu asiye na kisukari, akiwa hajala, huwa na sukari ya glukosi karibu gramu moja katika kila lita. Yaani damu yote mwilini ina gramu tano tu za glukosi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Kama kweli asilimia 8,2 ya damu ya shangazi ingekuwa sukari, angekuwa amebeba karibu nusu kilo, na asingeweza kuja kwangu kwa miguu. Kwa hiyo ile alama ya % haihesabu sukari iliyomo katika damu. Inahesabu kitu kingine kabisa.

Kitu hicho ni himoglobini. Hiyo ndiyo protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, inayozipa rangi yake na kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Glukosi inayopita katika damu huingia ndani ya chembe hizo na kunata juu ya himoglobini polepole, bila kulazimishwa na kitu chochote. Sukari ikiwa nyingi, himoglobini nyingi hunatwa. Na ikishanata sawasawa haibanduki tena mpaka chembe yenyewe ife. (Wenye kupenda jikoni watafurahi kujua kwamba mnato huu ni wa ukoo mmoja na ule unaolifanya andazi liwe la kahawia kwa nje: sukari na protini zikikutana.)

Nilimpa shangazi mfano wa hapa hapa mtaani. Buyenzi ina magereji mengi. Mtazame kijana anayejifunza ufundi wa magari. Ukitaka kujua anakaa kiasi gani chini ya magari, usimwangalie mikono, kwa maana mikono ameinawa sasa hivi. Angalia nguo yake ya kazi. Doa la oili halitoki. Kipimo cha kidole asubuhi ni mikono iliyonawiwa. HbA1c ni nguo.

Sasa basi, chukua himoglobini 100 kama nguo 100. Namba 8,2 % inasema kwamba nguo kama nane kati ya hizo zina doa la sukari. Hakuna mtu asiye na doa kabisa. Hata mwenye afya njema huwa na nne au tano na nusu hivi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba kuanzia 6,5 % kipimo hiki kinaweza kutumika kutambua kisukari, ingawa hakitumiki hivyo kwa mama mjamzito wala kwa mtoto aliyeugua ghafla. Kwa watu wazima wengi ambao tayari wana kisukari, madaktari hulenga kushuka chini ya 7 %, lakini mzee sana au mtu mwenye maradhi mengine anaweza kuwekewa lengo la juu zaidi, na hilo si kosa la daktari.

Na kwa nini miezi mitatu? Kwa sababu chembe nyekundu huishi karibu siku 120, kisha mwili huitupa na kutengeneza nyingine. Lakini hazizaliwi zote siku moja. Katika tone moja la damu mna chembe ya jana, chembe ya mwezi jana, na chembe inayokaribia kufa. Ndiyo maana mwezi wa mwisho una uzito kuliko miezi iliyotangulia: takriban nusu ya matokeo hutokana nao. Mtu akiacha soda wiki moja kabla ya kwenda maabara, namba ya kidole itamsifu lakini HbA1c haitababaika.

Hapo ndipo shangazi alipocheka kidogo na kuangalia pembeni. Alikiri kwamba usiku wa kuamkia kipimo alikula mboga tu, tena kidogo. Siku nyingine, ifikapo saa nne asubuhi, sokoni hupita mama mwenye birika la chai tamu na maandazi, na jioni nyumbani kuna ugali wa muhogo. Kwa hiyo karatasi zake mbili hazikupingana hata kidogo. Ya kwanza ilieleza asubuhi moja aliyokuwa amejitayarishia. Ya pili ilieleza saa nne zote za miezi mitatu.

Kutoka doa hadi wastani kuna hatua moja, na hatua hiyo ina historia. Mwaka 1968 mwanasayansi wa Iran, Samuel Rahbar, akifanya kazi Tehran, aliona himoglobini isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Katika miaka ya 1970 watafiti wengine wakaonyesha kwamba himoglobini hiyo hupanda na kushuka kwa kufuata sukari ya majuma yaliyopita. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, kuanzia 1983 hadi 1993, uliofuatilia watu 1.441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Waliodhibiti sukari kwa nguvu walikaa karibu na 7 %, na wenzao karibu na 9 %. Katika kundi la kwanza hatari ya kuanza kuharibika macho ilipungua kwa asilimia 76. Tangu hapo daktari hawezi kuidharau namba hii, na mgonjwa pia asingepaswa kuidharau. Tofauti ya namba mbili tu katika karatasi inaweza kuwa tofauti kati ya kusoma msahafu kwa macho yako na kusomewa na mjukuu.

Mwaka 2008 watafiti wa nchi kadhaa walitoa kanuni ya kugeuza asilimia kuwa wastani wa sukari katika damu: zidisha HbA1c kwa 28,7, kisha toa 46,7. Jibu ni miligramu kwa desilita. Kwa kanuni hiyo, 6 % ni wastani wa 126, 7 % ni 154, 8 % ni 183, 9 % ni 212 na 10 % ni 240. Ya shangazi, 8,2 %, inatoa 189, yaani 1,89 g/l. Maabara nyingine siku hizi huandika wastani huo kando ya asilimia, kwa nia njema kabisa, ili mgonjwa aone namba inayofanana na ile ya kidole.

Nia ni njema, ila neno lina mtego. Nilipomwambia shangazi «wastani wako ni 189», uso wake ulitulia. «Alhamdulillahi,» akasema, «kumbe niko wastani.»

Ndugu walimu, hapa ndipo nilipoona haya ya kazi yangu. Katika hesabu, «wastani» ni jumla iliyogawanywa kwa idadi. Lakini nje ya darasa la hesabu neno hilo limekaa karibu na asili yake ya Kiarabu, katikati: maisha ya wastani, nyumba ya wastani, mtu wa kimo cha wastani. Maana yake ni kitu kisicho kibaya wala kizuri sana, kitu cha kuridhika nacho. Mgonjwa akiambiwa ana wastani, amesifiwa. Tena mpangilio wa maneno hubadili kila kitu. «Wastani wa sukari» ni hesabu. «Sukari ya wastani» ni pongezi. Aliye na HbA1c ya 12 % naye ana wastani wa sukari, na ni wastani wa kutisha. Nimeanza kusema hivi: «Ukichukua sukari yako ya mchana na usiku, ya kabla na baada ya kula, ukaisawazisha, ingekuwa 189. Ilipaswa kuwa karibu 150 au chini.» Ni maneno mengi zaidi, lakini hakuna anayeshukuru Mungu mahali pasipotakiwa.

Wastani una kasoro ya pili, na hii si ya Kiswahili peke yake. Wanafunzi wetu wanaijua kwa alama za mitihani. Mmoja amepata 12, 12 na 12 juu ya 20. Mwingine amepata 20, 4 na 12. Wastani ni uleule, lakini hakuna mwalimu atakayesema hali yao ni moja. Vivyo hivyo mtu mwenye 7 % anaweza kuwa ametembea kati ya 120 na 190 miezi yote, au amekuwa akiruka kutoka 50 hadi 260. Huyu wa pili yumo hatarini: sukari ikishuka mno mtu hutetemeka, hutokwa na jasho, huchanganyikiwa na anaweza kuzimia palepale barabarani. HbA1c haitalisema hilo. Kwa hiyo kipimo cha kidole hakikufukuzwa kazi, hasa kwa wanaotumia insulini.

Nirudi kwenye kile kiunganishi. Mitaani kipimo hiki kimeshapata jina: «kipimo cha miezi mitatu». Ni jina zuri kwa ufupi wake, lakini «-a» ya Kiswahili hubeba mizigo mingi mno. Mtoto wa miezi mitatu ana umri huo. Likizo ya miezi mitatu hudumu muda huo. Sindano ya miezi mitatu, akina mama wanaijua, ni ya kupanga uzazi na hufanya kazi kwa muda ujao. Shangazi, aliyekwisha kupata wajukuu, aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba ametakiwa kipimo cha miezi mitatu, alidhani wamemkosea jina na mwanamke mwingine. Wapo pia wanaofikiri kwamba majibu hutoka baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hawarudi kuyachukua. Dawa yake ni neno moja: «kipimo cha sukari ya miezi mitatu iliyopita». Kile kitenzi cha mwisho kinaangalia nyuma, na jambo limekwisha.

Jina la kitaalamu nalo linahitaji uangalifu. Nimesikia mwanafunzi akitafsiri «himoglobini iliyoganda sukari». Kuganda ni kushika, ndiyo, kama ruba anavyomganda mtu. Lakini ukiweka kuganda karibu na damu, msikilizaji ataona damu iliyoganda, kiharusi na jeneza. «Iliyonata sukari» au «iliyoshikwa na sukari» inatosha, wala haimuui mtu kabla ya siku yake.

Kisha kuna suala la mipaka. Ndugu wa shangazi anaishi Kigoma, naye pia ana kisukari. Jioni ileile walipigiana simu, na kaka akasikitika: «Mwenzangu una moja na kitu, mimi nina tisa! Mimi ndiye wa kuzikwa kwanza.» Hapa kwetu, kwa mazoea ya Kifaransa, tunakutana na gramu kwa lita au miligramu kwa desilita. Tanzania mashine hutoa milimoli kwa lita. Kugeuza ni rahisi: gawanya miligramu kwa 18. Tisa ya Kigoma ni 162 ya hapa, au 1,62 g/l. Wastani wa shangazi, 1,89 g/l, ungesomeka Kigoma kama 10,5. Kaka hakuwa mbaya kuliko dada, ingawa yeye alikuwa akitaja kipimo cha kidole cha asubuhi moja, na tumeshaona cha asubuhi moja kinavyoweza kudanganya. Ongeza kwamba sisi husoma «nane virgule mbili» na wao husoma «nane nukta mbili», na kwamba baadhi ya maabara huandika HbA1c yenyewe kwa milimoli kwa moli, ambapo 6,5 % huwa 48 na 7 % huwa 53. Mgonjwa aliyezoea 7, siku akiona 53, atahitaji mtu wa kumtuliza. Katika kusoma matokeo kwa sauti, kipimio ni sehemu ya namba. Asiyekitaja hajasoma.

Kuna wakati nguo yenyewe inadanganya, na katika mji wetu ulio kando ya ziwa hili si jambo dogo. Fundi akinunuliwa nguo mpya kila mwezi, ataonekana msafi hata kama analala chini ya magari. Malaria huvunja chembe nyekundu, mwili ukatengeneza mpya, na mpya hazijapata muda wa kunata sukari. HbA1c hushuka bila sukari kushuka. Hali huwa hivyo pia kwa mwenye selimundu, kwa aliyetokwa na damu nyingi na kwa aliyeongezewa damu. Kinyume chake, upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha namba bila sababu ya sukari. Kwa hiyo mwenye kutoka kuugua malaria amwambie daktari kabla ya kupimwa, asingoje kuulizwa. Daktari anaweza kuahirisha, au kutegemea vipimo vya kidole vya saa mbalimbali, au kuomba kipimo cha fruktosamini, ambacho huangalia wiki mbili au tatu tu.

Jambo moja la nafuu: kipimo hiki hakihitaji kufunga. Unaweza kwenda baada ya kunywa chai. Wengi hapa Buyenzi hushinda na njaa foleni bila haja, kwa kuwa neno «sukari» limeshafungamana na «bila kula» vichwani mwetu. Hata hivyo, aliyeagizwa vipimo vyote viwili siku moja aende hajala, kwa ajili ya kile cha pili. Na kufunga Ramadhani kwa mwenye kisukari ni shauri la kuzungumza na daktari mapema, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Muhula huu nimewapa wanafunzi wa mwaka wa tatu karatasi ya maabara isiyo na jina, wamweleze mwenzao anayejifanya bibi wa miaka 65 asiyejua Kifaransa, bila kutumia neno «asilimia» wala «wastani» mpaka wawe wamelifafanua. Mmoja alianza vizuri sana kisha akasema «sukari yako iko juu», na «bibi» akauliza, «Juu ya nini?» Darasa likanyamaza. Walimu wenye zoezi bora kuliko hili wanaombwa waliletee idara.

Daktari wa shangazi alibadilisha dawa yake moja, na yeye mwenyewe akahamia chai isiyo na sukari, jambo ambalo mama mwenye birika bado hajamsamehe. Baada ya miezi mitatu na siku chache alileta karatasi nyingine: 7,4 %. Safari hii hakunipa niisome. Aliomba kikokotoo cha simu yangu, akanitajia yeye kanuni, tukapata 166. Halafu akaniambia nigawanye kwa 18.

«Mpigie kaka yangu,» akasema. «Mwambie ni tisa nukta mbili. Mwambie nukta, si virgule, asije akachanganyikiwa.»